Gobore Lililobaki Kupakwa Mafuta

Tarehe kumi na moja Aprili mwaka huu, jioni, nilimpoteza mwanangu wa kwanza kwenye barabara ya kutoka Tunduma kuja huku kwetu Isansa. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Nyuma ya pikipiki yake alikuwa amefunga kopo la mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao. Kopo lilibonyea ubavuni lakini halikuvuja hata tone. Polisi waliponikabidhi vitu vyake, ndilo lililokuwa zima kuliko vyote.

Mafuta yale nilimwagiza mimi. Yalikuwa ya gobore tulilokuwa tunaliunda pamoja, yeye na mimi, na nikitaka kueleza alivyokufa siwezi kuanzia barabarani. Lazima nianzie kwenye gobore.

Baba yangu aliniachia gobore la zamani. Kwa asiyelijua, ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, fataki inawekwa huku nyuma, nyundo inaigonga. Lile la baba lilitengenezwa na wahunzi wa huku kabla sijazaliwa, na halikuwa na karatasi yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwatisha nguruwe pori na nyani wasimalize mahindi. Miaka michache iliyopita likaja tangazo kwamba wenye silaha bila kibali wazisalimishe kwa hiari. Lilisomwa kanisani, na mtendaji wa kijiji akapita nalo nyumba kwa nyumba. Mimi nilikwenda siku ya kwanza. Nililifunga kwenye mkeka, nikapanda nalo gari hadi Vwawa, nikaliweka juu ya meza ya polisi.

Kaka yangu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye uwindaji, alinicheka mbele za watu.

"Mdogo wangu, wewe hata ukiota umeiba, asubuhi utakwenda kujisalimisha."

Msimu ule nililinda mahindi kwa kupiga debe. Siku za kwanza nguruwe walikimbia. Baadaye wakalizoea, wakawa wanakula mimi nikiwapigia, kama ngoma ya harusi yao. Mwanangu alikuja kututembelea akanikuta shambani na debe langu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanitazama vizuri, akaacha kucheka.

Alikuwa dereva wa malori. Alibeba mizigo kupitia Tunduma kwenda Ndola na Lubumbashi, na aliishi Chapwa, katika chumba cha kupanga, na mke wake na binti yao mdogo. Kutoka Chapwa hadi kwetu si mbali kwa mwenye pikipiki, lakini dereva akitoka safari anataka kulala. Alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku nyingine yoyote ya msiba. Sikumlaumu. Mimi na mama yake tuliongea naye kwa simu, na simu yenyewe ilikuwa "Baba, mtandao unakata."

Mwaka juzi akanipigia akiwa Zambia.

"Baba, nimekupatia gobore. Ila limekatwakatwa."

"Limekatwakatwa na nani?"

"Ndivyo linavyouzwa. Utaliunga mwenyewe."

Kulikuwa na Mzungu mmoja mzee huko Ndola, fundi wa magari, ambaye mwanangu alikuwa akisubiri kushusha mizigo karibu na karakana yake. Mzee yule alikuwa ameagiza boksi kutoka ng'ambo ili aliunde gobore kwa mikono yake. Ndani ya boksi mlikuwa na mtutu, mtambo wa nyundo na springi, vipande vya shaba, skrubu kwenye mfuko, gogo la mbao lililokatwa kwa umbo tu, na kitabu cha picha. Kabla hajaanza, macho yakamwishia nguvu. Akamwambia mwanangu, mchukulie baba yako.

Boksi halikuja moja kwa moja. Lilikaa forodhani, kisha likakaa kituo cha polisi cha wilaya, jumla miezi mitano, mpaka kibali kikatoka kwa jina langu. Siku aliponiletea, juu ya boksi kulikuwa na bahasha. Aliiweka mkononi mwangu kabla sijamkaribisha hata kiti.

"Kabla hujauliza," akasema.

Karatasi zote zilikuwamo, kila moja na muhuri wake. Ya mwisho ilisema nilimalize kabla ya mwisho wa mwezi wa sita mwaka huu, nilipeleke kugongwa namba, na kabla ya hapo lisishindiliwe baruti hata mara moja. Nilizisoma zote mara mbili mbili. Yeye alisimama tu akitabasamu, kama mtu aliyefanya mtihani na anajua amefaulu.

Mbao ya kwenye boksi ilikuwa imepasuka kwa kukaa stoo. Tukahitaji mbao nyingine ngumu, iliyokauka miaka mingi. Nilizunguka nyumba nzima nikitazama milango na madirisha, nikaishia chumbani. Kitanda chetu kilikuwa cha mninga, cha mwaka tuliofunga ndoa. Ubavu wake mmoja ulitosha.

Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mimi nilale chini kwa ajili ya nguruwe?"

"Mama, tutaweka ubao wa mkaratusi," mwanangu akasema. "Hutajua tofauti."

"Atajua baba yako. Mimi nalala upande wa ukutani."

Tulicheka wote watatu. Tuliung'oa ubavu ule, tukaupiga randa uwanjani, na harufu ya mninga ikatoka mpya kabisa, baada ya miaka yote ile.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana kosa langu limo ndani ya kazi. Mtutu na mtambo havikai juu ya mbao, vinazama ndani yake. Lazima uchimbe mfereji unaoshika chuma kila mahali, usibane wala usicheze. Jicho haliwezi kupima hivyo. Unachukua kibatari, unaukaribisha mtutu kwenye moto mpaka uingie masizi meusi, unaulaza kwenye mfereji, unaugonga kidogo kwa kiganja, unauinua. Mahali mbao imekuwa nyeusi ndipo inapogusa. Unakwangua pale peusi tu, kwa patasi, unga mwembamba kama wa ulezi. Halafu masizi tena. Mara mia, mara mia mbili. Siku mfereji wote utakapokuwa mweusi sawasawa, kazi imekwisha.

Kitabu cha picha kilisema hivyo, na mwanangu ndiye aliyekisoma. Mimi niliishia darasa la saba, yeye alifika kidato cha nne. Alishika kibatari, mimi nikashika patasi. Tulikaa kwenye benchi chini ya upenu wa stoo ya mahindi, tukiwa tumepakaa masizi mpaka puani. Aliniambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia kwa simu. Kwamba kuna kona fulani huko Kongo anaiogopa. Kwamba mke wake anataka kufungua duka la nguo na yeye hana neno. Kwamba akiwa safarini peke yake huongea na lori. Nilimuuliza lori linamjibu nini.

"Linasema, dereva, leo umekula nini na mimi bado sijanywa dizeli."

Alianza kuja kila akitoka safari. Badala ya mara mbili kwa mwaka, ikawa kila baada ya wiki tatu au nne. Alilala Chapwa usiku mmoja, kesho yake yuko kwetu, analala usiku mmoja au miwili. Mama yake alimfulia nguo, alimpikia kande, alimfokea kwa kukonda. Siku nyingine mkwe wangu naye alikuja na mtoto. Huyu alikuwa binti wa heshima sana. Kwa wazee wetu mkwe na baba mkwe hawakai wakatazamana, na ingawa siku hizi wengi wameacha, yeye hakuacha. Alikaa upande, uso ameugeuzia jikoni, na akiwa na jambo kwangu alimpitishia mama yake mkwe. "Mama, mwambie baba chai iko tayari." Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale.

Kwenye kitako mwanangu aliweka bamba la shaba na kulichora kwa msumari uliochongoka. Alikusudia jani la kahawa.

"Samaki mzuri," nikamwambia.

"Baba, hili ni jani la kahawa."

"Sijawahi kuona kahawa yenye mkia."

Alichora la pili upande wa pili. Nalo likawa samaki. Akasema basi, gobore lina samaki wawili, kijiji kizima hakina gobore la namna hiyo.

Ilipofika Oktoba mwaka jana mfereji ulikuwa mweusi wote. Mtambo ulizama mahali pake, nyundo ilipanda na kushuka bila kukwama, skrubu ziliingia zote. Ilikuwa imebaki kusugua kwa msasa na kupaka mafuta. Kazi ya siku moja, na hiyo ni kwa mtu anayekunywa chai mara mbili. Mwanangu hakuwa anajua. Alikuwa ameondoka siku mbili kabla, akiacha pale kwenye mtambo pakibana kidogo, na mimi nikamalizia peke yangu.

Nilikaa mchana ule na lile gobore magotini, nikafikiri: likiisha, atakuja kufanya nini?

Nilichukua patasi nikachimba pale kwenye mtambo, mahali palipokuwa pamekaa sawa. Kisha nikakata kipande chembamba cha mninga, nikakibandika kwa gundi kwenye shimo nililolichimba, ili tuanze upya kupima kwa masizi. Mikono yangu ilifanya hivyo na mimi naitazama. Sijawahi kuiba kitu cha mtu maishani mwangu. Siku ile niliiba, sijui niseme niliiba nini. Niliiba siku za mapumziko za mtoto wangu.

Alipokuja aliinamia pale kwenye kiraka muda mrefu.

"Baba, hapa si tulikuwa tumekaribia kumaliza?"

"Mbao imevuta unyevu."

Akapuliza unga wa mbao, akawasha kibatari.

"Mbao za Isansa zina kiu kuliko madereva wa Tunduma," akasema.

Sijui kama alijua. Nimejiuliza kila siku na sijui. Hakuniuliza tena. Nilifanya hivyo Oktoba, nikarudia Desemba, nikarudia Februari na Machi. Viraka vinne, kimoja ubavuni mwa kingine. Kila mara alikuja, kila mara tulikwangua, kila mara pakakaa sawa, naye akiondoka mimi napaharibu.

Mwezi wa nne niliishiwa. Mbao ya pale ilikuwa imebaki nyembamba, kiraka kingine kingeivunja. Tena tarehe ya kwenye ile karatasi ya kibali ilikuwa inakaribia. Nikaamua liishe. Nilikwangua vizuri, nikasugua kwa msasa, nikampigia simu akiwa Zambia kwamba aje na mafuta ya kitani, maana dukani kwetu hayapo. Ningeweza kumwambia hapohapo kwamba yamebaki mafuta tu. Sikumwambia.

Tarehe kumi na moja, mchana, alinipigia akiwa ameshavuka mpaka.

"Baba, nipo Tunduma. Mafuta ninayo. Mvua inanyesha huku, na ukungu. Nije leo au nije kesho?"

Haya ndiyo maneno niliyomjibu, sijayaongeza wala kuyapunguza:

"Kama unaweza, njoo leo. Pale kwenye mtambo bado kidogo."

Pale kwenye mtambo hapakuwa na kitu.

Kabla ya kufika Vwawa kulikuwa na lori limeharibika, limesimama nusu barabarani. Dereva wake alikuwa ametandaza matawi nyuma, kama madereva wote wafanyavyo, ili anayekuja ajue kuna gari bovu mbele. Mwanangu mwenyewe alishatandaza matawi ya namna ile mara nyingi. Kwa ukungu ule hakuyaona mpaka akawa juu yake, yamelowa, pikipiki ikateleza hadi chini ya tela. Walioshuhudia walisema hakupata muda wa kulia. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ni hilo tu nililoweza kumshukuru siku ile.

Msibani watu walijaa. Kwa wawindaji wa kwetu wa zamani, mtu wa bunduki akizikwa bunduki hulia mara moja, kumsindikiza. Kaka yangu alinifuata nikiwa nimekaa na wanaume kwenye moto.

"Lile gobore liko wapi? Tulilize."

"Halijagongwa namba."

"Mtoto anazikwa kimya kama mgeni kwa sababu ya muhuri?"

"Tena halijakwisha," nikasema.

Aliingia stoo akalitoa. Kaka yangu ameshika bunduki tangu mimi nikichunga mbuzi. Aliivuta nyundo, akaishusha taratibu kwa kidole gumba. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa mtutu, mwanzo hadi mwisho, haukuingia popote. Alifungua skrubu mbili akautoa mtambo, akatazama mle ndani.

"Hili limekwisha siku nyingi," akasema. "Na hivi viraka ni vya nini? Nani anatia viraka kwenye mbao nzima?"

Wanaume walikuwa wananitazama. Nilitazama moto. Kaka yangu alinisubiri, kisha akaurudisha mtambo, akakaza skrubu, akalirudisha gobore stoo. Alikuwa ameelewa, au alikuwa ameelewa nusu. Tulimzika bila mlio.

Tangu siku ile nilibeba jambo moja tu. Kwamba mama yake na mke wake hawajui. Walikuwa wanasema ni mvua, ni ukungu, ni mapenzi ya Mungu. Mkwe wangu alikuwa anajilaumu kwa sababu hakumzuia. Nilimsikia jikoni akimwambia mke wangu: "Ningeficha ufunguo, mama. Ningeficha tu ufunguo." Nami nikiwa nje, nikachukua jembe nikaenda shambani ambako hapakuwa na kazi.

Baada ya siku arobaini, watu wengine walipoondoka, mkwe wangu alibaki. Tulikuwa watatu uwanjani, kahawa imeanikwa kwenye vichanja. Mke wangu alikuwa anachambua punje mbovu. Mkwe alikaa upande kama kawaida yake, uso jikoni.

"Mama," akasema, "naomba umwulize baba jambo moja. Siku ile nilimwambia mume wangu alale, mvua ipite. Akasema hapana, baba ananisubiri, kazi bado. Mwulize baba ilikuwa imebaki kazi gani."

Mke wangu alinigeukia, punje mkononi. Hakurudia swali. Alijua nimelisikia.

Nilikuwa na majibu mengi. Unyevu. Skrubu. Msasa. Mtu angekubali lolote kati ya hayo.

"Haikuwa imebaki kazi," nikasema. "Ilikuwa imekwisha tangu Oktoba. Nilikuwa naiharibu akiondoka, ili arudi."

Nikaeleza yote, viraka vinne, simu, na maneno niliyomjibu. Nilipomaliza, nyuki walikuwa wanasikika kwenye kahawa. Mkwe alisimama, akaingia ndani, akatoka na mfuko wake na mtoto mgongoni. Alimuaga mke wangu. Mimi hakuniaga, wala kupitia kwa mtu. Mke wangu alimfuata hadi barabarani akarudi peke yake.

Jioni, kabla giza halijaingia, alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, akasimama na shati langu mikononi.

"Nguo zake nilikuwa naziloweka mchana," akasema. "Hukuona? Mtu hufua asubuhi zikauke. Mimi zake nilikuwa naziloweka saa tisa, ili kesho ziwe mbichi, asiweze kuondoka mapema."

Alikunja shati akaliweka kwenye beseni. Sikujua kama alikuwa ananihukumu au anakaa upande wangu. Nadhani hata yeye hakujua. Haikunifariji. Tulikuwa tu wazee wawili, tumemfungia mtoto mmoja.

Wiki tano mkwe hakuja wala hakupiga simu. Mke wangu alimpigia, akawa anajibu salamu na kusema mtoto hajambo. Mimi nilijipangia kwamba mwisho wa mwezi nitalipeleka gobore Vwawa, si kugongwa namba bali kulikabidhi, waliteketeze na mengine. Sikuwa nimelipaka mafuta. Kopo lilikuwa juu ya rafu, na lile bonyeo nimeligeuzia ukutani.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, bodaboda ikasimama barabarani akashuka mkwe wangu, mtoto mgongoni. Mke wangu alimkimbilia. Nilibaki kwenye benchi chini ya upenu, nikimenya mahindi ya mbegu, nikijua ni mke wangu aliyefuatwa.

Alikuja mpaka uwanjani akasimama.

"Mama, mwambie baba alimalize. Alimwambia mume wangu bado. Basi alimalize, nione."

"Mwanangu, mambo ya nini sasa," mke wangu akasema.

"Nataka nione."

Nililitoa gobore stoo. Nikashusha kopo. Kifuniko kilikuwa kimekaza kwa sababu ya lile bonyeo, nikakiinua kwa bisibisi, polepole, nikizunguka. Nilichana kipande cha shuka. Mkwe alivuta kigoda. Sikuwahi kumwona akikaa hivyo: alikiweka mbele yangu, akakaa, akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko nilivyodhani. Miaka saba alikuwa mkwe wangu na sikuwa nayajua macho yake. Alitoa simu, akaangalia saa, akaiweka mapajani.

Nilianza kwenye kitako. Mninga ulikunywa mafuta, ukawa mwekundu uliokolea, mishipa yote ya mbao ikatoka. Nilipita kwenye wale samaki wawili, nikazungusha kitambaa wasipakwe. Nilipofika pale kwenye mtambo viraka vinne vikaonekana wazi, kila kimoja rangi yake. Mbao ilipokuwa kavu havikuonekana hivyo. Nilimaliza mpaka mwisho wa mtutu, nikageuza, nikapaka upande wa chini. Jikoni kande ilikuwa bado haijachemka.

Niliacha kitambaa. Mkwe akatazama simu.

"Dakika ishirini na mbili," akasema. Alisema kwangu, si kwa mama mkwe wake.

"Ndiyo."

"Ndiyo kazi iliyokuwa imebaki?"

"Ndiyo hiyo tu, mama."

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyehesabu kitu akakuta kimetimia. Akasimama, akaikaza kanga ya mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelala. Mke wangu akasema kande iko jikoni, asubiri ale. Akasema atakula Chapwa.

Mgeni wetu haondoki bila kusindikizwa, na mkwe wangu nilikuwa nikimsindikiza hadi barabarani, mimi nikitangulia na mfuko, yeye na mke wangu nyuma. Nikainuka.

"Baba," akasema, "leo usinisindikize."

Wakaenda wawili. Niliwaona wakipita kwenye migomba, kisha nikaona kilemba tu cha mke wangu, kisha sikuona. Gobore lilikuwa limelowa mafuta pande zote, lisingeweza kuegemezwa ukutani wala kulazwa kwenye benchi. Nilisimama nalo hapo uwanjani, nimelishika mtutuni kwa kile kitambaa, mpaka mke wangu aliporudi.